Majina Saba ya Kuazima

Kale ipo, wajukuu wangu. Waliokuwamo ndio hawapo. Semeni "tunasikia," nami niwape. Nitasema polepole, kwa sababu kisa hiki kina watu, na watu hawakimbizwi.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya tatu baada ya Idi, tarehe ishirini na moja Agosti mwaka 1947, saa nne asubuhi. Saa hiyo mtu mmoja aliingia na baiskeli katika kijiji cha Kot Sarang, katika nchi ya Punjab, nchi ya mito mitano. Akasema nchi imegawanywa, mpaka umechorwa, na Kot Sarang imeangukia upande wa India. Waislamu waondoke kabla ya adhuhuri, waende Pakistani. Akapanda baiskeli yake, akaenda kuwaambia wa kijiji kinachofuata. Mikate ilikuwa bado imo tanurini.

Katika kijiji hicho aliishi Baba Chiragh, na kisa hiki ni chake. Baba Chiragh alikuwa mirasi. Ninyi mmezaliwa hapa Kisumu, mirasi hamumjui. Mirasi hana shamba. Shamba lake ni majina ya watu. Mtoto akizaliwa, yeye huambiwa kwanza. Mtu akifa, yeye huambiwa kwanza. Siku ya harusi husimama mbele ya wageni akataja nasaba, mtu na baba yake, mtu na baba yake, mpaka vizazi saba. Hasomi popote. Yote yamo kichwani, aliyapokea kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake.

Na mirasi ana ruhusa ya kumtania yeyote. Siku moja alimwambia Sultan Ali, mkubwa wa kijiji, mbele ya wageni wake wote: "Babu yako alikuwa mkarimu. Baba yako alikuwa mkarimu. Na wewe, mashallah, una masharubu mazuri." Watu wakacheka, Sultan Ali akacheka kuliko wote, akavua kilemba chake akampa.

Lakini jambo moja mirasi haruhusiwi. Anaweza kukuza ushujaa wa mtu, anaweza kumwongezea farasi ambao hakuwa nao. Jina hawezi kuliongeza. Watu huoana kwa neno lake, hurithi kwa neno lake. Akisema fulani ni binti wa fulani, basi ndivyo.

Ya njiani sitawaeleza. Ninyi ni wadogo, na mimi mwenyewe nikiyafikiri usingizi hunipotea. Walitembea siku tisa, watu na mikokoteni ya ng'ombe. Mke wa Baba Chiragh alibaki njiani. Wanawe wawili walibaki njiani. Alivuka mto peke yake, kilemba cha Sultan Ali kichwani.

Ng'ambo ya mto palikuwa na meza, na karani, na daftari. Karani akauliza waliotoka Kot Sarang ni akina nani. Baba Chiragh akamwambia aweke kalamu tayari. Akasimama kama asimamavyo harusini, akaanza kuita nyumba kwa nyumba, kuanzia ile iliyo karibu na kisima.

Aliita, mmoja akaitika. Aliita, hakuna aliyeitika. Aliita, hakuna aliyeitika. Aliita, mtoto akaitika kwa niaba ya wakubwa.

Akafika nyumba ya Sultan Ali. "Sultan Ali, mwana wa Nawab Khan." Kimya. "Inayat Bibi, mke wa Sultan Ali." Kimya. "Zohra, binti Sultan Ali, mwenye miaka minane." Kimya. Nyumba hiyo aliiita mara tatu, kwa sababu alikula chumvi yake miaka arobaini. Karani akapiga mstari, akafungua ukurasa mwingine.

Mnanisikia? Haya.

Pale pale kando ya mto palikuwa na msichana amekaa peke yake, ameshika kipande cha kamba, na kamba haina mbuzi. Baba Chiragh akamuuliza jina. Akasema Jindo. Jina la baba yake? "Abba." Abba anaitwa nani? "Abba." Na mama? "Amma." Wametoka wapi? "Nyumbani." Mzee yule alijua majina ya watu elfu waliokufa, na hakuwahi kukutana na mtu aliye hai asiye na jina hata moja nyuma yake. Akamshika mkono. Hakuna aliyemzuia.

Wakapewa kibanda katika kijiji cha mifereji, Chak tisini na nne. Vijiji vile vilichimbiwa mifereji na kupimwa kwa kamba, navyo havina majina, vina namba. Baba Chiragh alizoea kusema, "Mungu ni mwingi wa huruma. Nilipopoteza majina yote, alinihamishia kwenye hesabu." Watu wa Chak walicheka. Hawakumjua, wenzake wachache wa Kot Sarang walitawanywa mbali, kila mmoja na kijiji chake.

Jindo akakua, akawa ndiye anayewaokea wanawake mikate katika tanuri la pamoja, lile ambalo kila nyumba huleta kinyunga chake. Alipofika miaka kumi na sita, kijana wa wakulima, jina lake Yaqub, akasema hataki mwingine. Wazazi wake wakakubali. Lakini katika nyumba ile neno halikuwa la wazazi. Neno lilikuwa la nyanya yake, Bibi Hakiman, naye akaja mwenyewe, akaketi kwenye kitanda cha kamba cha Baba Chiragh bila kukaribishwa.

"Msichana sina neno naye," akasema. "Mikate yake naijua, adabu yake naijua. Lakini mjukuu wangu aoe hewa? Nitajie watu wake."

"Nimekueleza, dada yangu. Ni yatima wa barabarani."

"Siku hizi kila mwenye la kuficha ametoka barabarani. Nimeona wafumaji wamevuka mto wakatokea ng'ambo masharifu. Au huyu ni wa kwako? Kama ni wa mirasi, sema, tumtafutie mpiga ngoma mwenzenu."

Akampa mpaka Ijumaa. Kama kuna nasaba, itajwe harusini mbele ya watu. Kama hakuna, Yaqub ana binamu zake.

Jindo alikuwa nyuma ya ukuta, amesikia yote. Hakulia. Alimletea mzee maji ya kutawadha, akasimama na birika mkononi, akasema neno ambalo Baba Chiragh hakulisahau mpaka anakufa. "Baba, wewe una majina mengi ambayo wenyewe hawayahitaji tena. Niazime."

"Yana wenyewe, Jindo."

"Wenyewe wako wapi?"

Mzee akachukua birika, akatoka. Siku tatu alikaa msikitini, akiswali, akiwaza. Akajiambia nyumba ya Sultan Ali imekatika, haina hata mtu wa kuisomea Fatiha. Binti yao angekuwa na umri huu huu. Akilitia jina lile kinywani mwa walio hai, litazaa, litakuwa na watoto, na wafu watapata mtu wa kuwaombea. Alijiambia hivyo, na huenda alikuwa mkweli. Lakini pia alimpenda yule msichana, na mwenye kupenda hapungukiwi na sababu.

Siku ya harusi ikafika. Wageni walikuwa wameketi, wali wa sukari na zafarani umepakuliwa. Baba Chiragh akasimama, akavaa kilemba chake, akasema: "Bibi harusi ni Zohra. Jindo ni jina la kulelewa. Zohra binti Sultan Ali, mwana wa Nawab Khan, mwana wa Fateh Khan, mwana wa Jahan Khan." Akaendelea mpaka wa saba. Hakutia utani hata mmoja. Watu wakadhani ni heshima. Bibi Hakiman akainuka akambusu bibi harusi kwenye paji la uso, akamwuliza mzee kwa nini alificha johari ndani ya majivu.

Basi sikilizeni hapa. Miaka ile palikuwa na ofisi huko mjini iliyotafuta wasichana waliopotea, na majina yao yalisomwa redioni. Baba yake Yaqub aliona fahari. Akafunga safari mpaka ofisini, akawaambia kama wana Zohra binti Sultan Ali wa Kot Sarang katika daftari, wamfute, amepatikana, ameolewa kwake. Karani akatafuta, akamkuta, akamfuta. Hakuna aliyejiuliza nani alikuwa ameliandika jina lile.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna ngano, mchana baada ya adhuhuri, mwanamke akasimama mlangoni pa nyumba ya Yaqub, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Akasema yeye ni Inayat Bibi, mke wa Sultan Ali, na amekuja kumwona mwanawe. Alikuwa amefichwa na jirani ng'ambo ile, akachelewa kuvuka. Mwaka hata mwaka alikwenda ofisini kuuliza. Safari hii karani alimwambia amepatikana, akampa karatasi: aende akamwone, kisha aitie dole gumba na kuirudisha, faili lifungwe.

Wanawake wa nyumba wakalia kwa furaha. Bibi Hakiman mwenyewe akaenda kumwita. Jindo akatoka, mikono ina unga, mimba yake ya kwanza inaonekana. Inayat Bibi akamtazama. Mama anahitaji muda gani kumtazama mtoto? Alijua kabla yule hajavuka kizingiti. Akasema tu kwamba anataka kwanza kumshukuru Baba Chiragh, na kwamba atamfuata mwenyewe huko huko aliko.

Walikutana kando ya mfereji, Jindo nyuma yao hatua chache. Mzee alipomwona, akaketi chini.

"Chiragh," akasema mama yule, "uliniweka katika wafu?"

"Nilikuita, bibi yangu. Kando ya mto nilikuita mara tatu. Hukuitika."

"Nilikuwa ng'ambo. Ningeitikaje?"

Mzee akavua kilemba akakiweka miguuni pake. Akasema atakwenda sasa hivi kwa Bibi Hakiman akakiri, jina lirudishwe daftarini, Zohra atafutwe tena. Inayat Bibi akageuka kumtazama Jindo, akatazama na ile mimba. Alijua nyumba za wakulima. Alikuwa mke wa mkubwa wa kijiji. Jioni ile ile yule msichana angekuwa barabarani tena, na hicho kilicho tumboni bila jina.

"Amma," Jindo akasema. Ndilo jina pekee alilowahi kujua la mama.

"Usiniite hivyo leo," akasema Inayat Bibi. "Niite kesho."

Akarudi naye mpaka uani. Akamwambia Bibi Hakiman kwamba binti amekua sana, ndiyo maana alichelewa kumtambua. Kisha akaomba sufuria iliyotoka mekoni. Akaweka dole gumba kwenye masizi, akalibonyeza juu ya karatasi, mbele ya watu wote. Faili likafungwa. Tangu siku hiyo hakuna serikali, wala redio, wala mtu yeyote aliyemtafuta Zohra binti Sultan Ali. Alikuwa amepatikana.

Baba Chiragh hakutaja nasaba tena. Walikuja na ng'ombe, walikuja na nguo, akawaambia hana sauti. Alikufa majira ya baridi ya pili, na siku ya kumzika imamu aliuliza jina la baba yake. Hapakuwa na aliyelijua.

Inayat Bibi aliishi katika nyumba ile miaka ishirini na miwili. Na ile mimba ni mimi. Mama Zohra, ambaye tumemzika mwezi huu, ambaye jina hilo limeandikwa kwenye jiwe lake, ndiye Jindo. Aliniambia mwenyewe, siku tatu kabla ya kufa, ili asiende nalo kaburini.

Simhukumu mzee wetu. Mimi nipo kwa sababu yake. Nawaambieni tu, mkimhurumia mtu, mpeni kilicho chenu. Baba Chiragh alitoa cha mtoto mwingine, na mtoto huyo hakuwapo kukataa.

Kisa nimekitua hapo, aliyekibeba amechoka. Inueni mikono.

Ewe Mola, mrehemu Jindo, binti wa watu unaowajua Wewe. Mrehemu Inayat Bibi kwa dole lake lile. Mrehemu na umsamehe Chiragh, mwana wa mtu unayemjua Wewe. Na Zohra, Mola wetu, hatujui tumwombee vipi. Kama yu hai, umfunike. Na kama alikufa, siku ile au baada yake, basi mrehemu, umpe nuru kaburini, na umwite Wewe kwa jina lake, maana sisi tulilitumia. Amina.