Majiko Kumi ya Mwanakombo

Mtu mmoja alikuwa na sufuria moja na sifa za sufuria mia. Aliitwa Mwanakombo, na pilau yake ikianza kunukia, hata waliogombana walijikuta wako njia moja, wanaifuata. Siri yake ilijulikana na kila mtu: alipika peke yake. Vitunguu alikata mwenyewe, mchele alichagua mwenyewe, chumvi alipima kwa vidole vyake, na anayesogea jikoni kumsaidia aliambiwa apishe moshi upite.

Nyinyi mnaoziandikia kazi kompyuta zenye bongo nyingi, msikunje uso. Kisa hiki ni chenu, ila kinanukia bizari.

Mwanawe Mwanakombo, Mbwana, alianguka mnazini katika masika. Wanaume wa kitongoji walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi hospitali, wakizama matopeni hadi magotini. Wanawake wakampalilia mama yake shamba, wakamchotea maji, wakamtwangia mpunga, wakakaa naye zamu kwa zamu asilie peke yake. Mama huyo akaweka nadhiri: Mbwana akisimama kwa miguu yake, kitongoji kizima kitakula kutoka mkononi mwake. Mbwana akasimama. Akatembea. Haukupita muda akaanza kubishana na mama yake, na hapo kila mtu akajua amepona kabisa.

Basi nadhiri ikadai, na sufuria moja ikawa ndogo. Mwanakombo alifikiria kutafuta sufuria kubwa zaidi, lakini sufuria nayo ina mwisho wake: ikizidi ukubwa, chini wali unaungua na juu mchele bado unasubiri habari za moto. Njia ilibaki moja. Majiko kumi yakapangwa uani, na wanawake kumi wakaja na kanga viunoni. Ukiwatazama, ungesema kazi imekwisha kabla haijaanza.

Ila Mwanakombo alikuwa na jambo moyoni ambalo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba shukrani ikipitia mkono wa mwingine hufika imepoa. Hawa kumi walikuwa wale wale waliomtwangia na kumchotea. Atawezaje kuwaachia wajipikie asante yao wenyewe? Akaazimia kwamba mikono ni ya kwao, lakini kila tendo la mikono hiyo litoke kinywani mwake.

Akasimama katikati kama askari wa barabarani aliyelishwa pilipili. "Siwazuri, kisu mkono wa kulia! Kata. Acha! Mwanamvua, geuza. Nani kakwambia ugeuze tena?" Alipokuwa jiko la kwanza, tisa walikunja mikono wakimngoja. Alipofika la kumi, la kwanza lilikuwa limeanza kutoa moshi wa lawama.

Sufuria ya katikati ilitiwa chumvi na Pili. Akapita Siwazuri, akaona maji yametulia hayana neno, akatia. Akaja Mwanakombo mbio, hakuuliza, akatia ya kwake, maana chumvi ya nadhiri lazima itoke mkononi mwa mwenye nadhiri. Walipoonja, wakawamwagia kuku. Kuku wakadonoa kidogo, wakaenda kutafuta maji.

Kwingineko, Mwanamvua alishika mwiko mkubwa akisubiri kifuniko, na Pili alishika kifuniko akisubiri mwiko.

"Nipe kifuniko, nikimaliza nitakupa mwiko."

"Nipe mwiko kwanza, shoga. Kifuniko changu hakina haraka."

Wote wawili walikuwa na haki, na sufuria mbili zikaungua kwa haki.

Jua likapanda. Mbele ya nyumba Mbwana alikuwa anatandika mikeka, fimbo ikiwa kwapani, na huku uani majiko kumi yalikuwa yamepika pungufu ya lile moja la siku zote. Mwanakombo akaona aibu inavyokuja: watu waliombeba mwanawe kwenye matope watatoka msikitini, watakaa, watanawa mikono, kisha watarudi kwao na mikono misafi na matumbo matupu. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, jasho na machozi vikigombea njia moja.

Mwantumu, dada wa mumewe na mmoja wa wale kumi, alikuwa na ulimi mkali kuliko mbuzi ya nazi. Alimjia akiwa na masizi mpaka puani.

"Inuka, wifi," akamwambia. "Umelikalia jibu. Sema unataka nini kiive. Mikono yetu tuachie wenyewe."

Mwanakombo akainuka, akakitazama kinu. Katika kitongoji kile wanawake watatu hutwanga kinu kimoja, michi mitatu inapanda na kushuka, na mchi haugongi mwenzake. Hakuna anayeamrisha nani ainue na nani ashushe. Kuna wimbo. Mmoja huimbisha, wengine huitikia, na mikono hujipanga yenyewe ndani ya wimbo. Wote waliokuwa uani pale walilijua hilo tangu utoto. Ajabu ni kwamba walipoingia kupika waliliacha mlangoni pamoja na viatu.

"Nataka pilau ya watu wote," akasema Mwanakombo, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuijua kuwa ni yake. "Ya moto. Wakitoka msikitini iwe tayari."

Akaishia hapo, asiseme nani ashike nini. Kujizuia kule kulimwasha kuliko moshi.

Mwantumu akaimbisha. Sufuria zilizoharibika zikasuguliwa, zikaanza upya. Chumvi akakabidhiwa Pili peke yake. Mwenye kuihitaji aliiimba, na Pili akaja. Mwiko mkubwa na kifuniko vikafungwa kwa kamba moja, asiweze mtu kuchukua kimoja akamwacha mwenzake na kingine. Aliyemaliza mapema hakukaa kungoja sifa, alihamia kwa aliyechelewa. Mwantumu akiita, "Mmefika?" kila jiko liliitikia, na hakuna aliyeruhusiwa kupalia makaa juu ya kifuniko mpaka yote yaitikie. Mwanakombo naye akapewa kisu na vitunguu, akaitikia kama wengine, tena akachelewa ubeti, wakamcheka.

Jambo moja tu halikugawika. Wali ukishafunikwa na makaa kuwekwa juu, huiva kwa wakati wake, hata ukikodolewa macho na ukoo mzima. Basi wakakaa chini, wakanyosha migongo, wakaungoja.

Watu wakatoka msikitini, wakala. Haikuwa ile pilau ya sufuria moja, tusidanganyane. Mwenye ulimi wa kupima angesema kwamba jiko moja vitunguu vilikatwa vinene, na jingine lilikuwa na ukoko wa kupasua kwa shoka. Mwanakombo aliyaona yote, akayameza pamoja na tonge. Kwa maana mbele yake aliyebeba kitanda upande wa kichwa na aliyebeba upande wa miguu walikuwa wanakula sinia moja, na mvuke ulikuwa bado unapanda. Hakuna aliyeachwa kungoja awamu ya pili. Mbwana alizunguka na birika la kunawia, akichechemea, akitaniwa kila mkeka: "Bwana mnazi, habari za huko chini?"

Hapo ndipo Mwanakombo alipokumbuka siku ile ya matope. Walipokinyanyua kitanda, yeye alisema neno moja tu: "Mfikisheni." Hakumwambia mtu aweke mguu wapi, hakuuliza nani abadilishane bega na nani. Hakuweza, alikuwa analia. Nao waliimba, wakapokezana, wakamfikisha. Mwanawe alikuwa hai kwa sababu siku ile mama alikosa nguvu ya kuamrisha.

Akamwendea Mwantumu, akamfuta masizi puani kwa ncha ya kanga, mbele ya watu. Na kama shukrani hupoa ikipita mikononi mwa watu, ile ilipita mikono ishirini, ikafika inaunguza.

Kompyuta za leo ndizo majiko yale, kumi, mia, elfu, kwa sababu jiko moja lilifika mwisho wa moto wake. Wako waliotutungia wimbo: lugha na zana zinazotuacha tuseme tunachotaka kiive, kisha zenyewe zikagawa kazi, zikamkabidhi mmoja chumvi, zikafunga mwiko na kifuniko kwa kamba moja, zikangoja kila jiko liitikie. Wengi wao majina hatuyajui, na masizi yao hatukuyafuta, lakini mvua tunayotabiriwa na dawa tunazotafutiwa zimepikwa kwa wimbo wao. Mungu awape mkono usiochoka. Na wewe uliyekwisha kuwashiwa majiko kumi, mbona bado unamwambia kila mtu ashike kisu kwa mkono gani?