Nta Juu ya Ufa

Ndugu zangu, alikuwapo fundi mmoja wa kiwanda cha vyuma vidogo. Alichanganya unga wa metali, laini kuliko wanja, na nta ya moto, akausindilia katika kalibu, kisha akaupeleka tanurini. Humo nta huyeyuka ikaondoka, chembe zikashikana, kitu kikatoka kidogo kuliko kilivyoingia, na kigumu kama kiapo.

Siku moja alitengeneza bawaba ya goti la mguu wa bandia. Goti lenyewe lilikuwa la binti yake, aliyekatwa mguu, aliyengoja miezi saba kuyatupa magongo. Alipoitoa bawaba kalibuni, akaona ufa mwembamba kama unywele.

Mama mmoja mtu mzima, mchunga tanuri, akauona naye.

"Ivunje, fundi. Ikiwa mbichi inasagika, inakuwa unga tena."

"Mama, hii ni ya kumi kuharibika tangu asubuhi. Wenzangu watanicheka."

"Na wacheke! Kwani meno yao ndiyo yatakayombeba mwanao?"

Fundi akangoja yule mama ageuke. Akachovya kidole gumba katika nta, akaupaka ufa, akausugua taratibu. Ukatoweka. Akajisemea, moto utaumaliza.

Tanurini nta ikafuata desturi yake, ikaondoka. Ufa ukabaki. Alama iliyosalia juu aliifuta kwa msasa, hata mkaguzi akaisifu kazi.

Binti akavaa mguu mpya, akacheka, akashuka ngazi bila kushikwa. Kwenye kipandio cha tatu bawaba ikakatika. Akaanguka, akavunja mguu wake uliobaki.

Fundi akarudi kiwandani na vipande viwili kiganjani.

"Mama, tuvisage. Tuanze upya."

Yule mama hakumsuta. Alivitazama tu.

"Kilichopita motoni hakisagiki, mwanangu."

Ndugu zangu, nani kati yetu hana nta kidoleni? Tumeona nyufa katika ndoa zetu, katika amana tulizopewa, katika malezi ya watoto wetu, zikiwa bado mbichi. Tulionywa. Tukapaka, tukasugua, tukauachia moto. Tangu lini moto ukaziba ufa?

Ningependa kuwaambia kwamba binti yule alitembea tena. Hakutembea. Kila asubuhi baba yake humbeba mgongoni hadi uani, humkalisha juani, naye humshukuru baba kwa bawaba ile, kwa kuwa hajui habari ya ufa. Fundi hajamwambia hadi leo.

Na sisi tuliokaa hapa, tunashukuriwa na nani?