Fisi Aliyesoma Salamu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa tumbo kubwa na sikio dogo!
Basi sikio lisikie, tumbo lingoje.

Palikuwa na Bi Digidigi, mwembamba wa miguu, mwoga tangu tumboni mwa mamaye. Alikuwa na mtoto mmoja, Mize, aliyemficha ndani ya kichaka cha miiba kwa kuwa miguu yake ilikuwa haijakaza. Bi Digidigi hakuujua usingizi. Jani likianguka, pu, moyo wake du! du! du!

Na alichokiogopa kikaja. Fisi akaingiza pua kichakani. Fff! Fff!

"Nasikia harufu ya maziwa," akasema. "Toka, mama, niachie kitoweo changu."

Bi Digidigi akapiga hesabu upesi. Kukimbia aliweza, lakini Mize hakuweza. Kupigana hakuweza. Kilichobaki ni mdomo tu.

"Bwana Fisi," akasema, "utakula mtoto mdogo kama kiganja, uyaache mapaja ya kambini?"

Masikio ya Fisi yakasimama. Ng'ambo ya korongo palikuwa na kambi ya watalii, na kambini aliishi mbwa mnene, mnene hata mkia. Kila siku mbwa huyo alitupiwa mapaja ya mbuzi, na kila siku Fisi alimeza mate kwa mbali, roho ikimuuma.

"Yule mbwa ana nini nisicho nacho mimi?"

"Kiingereza," akajibu Bi Digidigi. "Anaambiwa siti, anakaa. Anaambiwa kamu, anakwenda. Wenye kambi wanasema: huyu ni mwenzetu, tule naye. Mimi nimekula majani nyuma ya hema zao siku nyingi, nimesikia yote. Nitakufundisha. Mtoto mwache anenepe kwanza."

Fisi akawaza. Mapaja, halafu mtoto aliyenona! Njia mbili zilimshinda babu yake, lakini yeye akaona atazipita zote.

"Nifundishe," akasema. "Ukinidanganya, nawala wote wawili, wewe na mwanao."

Sasa, kulikuwa na jambo lililomkosesha Bi Digidigi raha. Kiingereza chenyewe alikijua kidogo mno. Gudi moning. Faini, tenkyu. Endi yuu, yaani na wewe je? Plizi. Basi, kibaba kimekwisha! Akacheua majani usiku kucha akijiuliza: kesho nitamfundisha nini? Akigundua, Mize wangu ameliwa.

Asubuhi Fisi akaja. Maneno yakamwishia mwalimu mapema, na kwa hofu akaokoteza yale aliyofundishwa na mama yake utotoni: ukimwona mtu, msalimu, ukimsalimu, ngoja uitikiwe, ukisalimiwa, itikia, usiguse cha mtu bila kuomba. Akayavika yote nguo za Kizungu, akampa Fisi.

"Simama wima! Ukimwona mtu, hata kwa mbali, unasemaje?"

"Gudi mooooning!"

"Kisha?"

"Kisha nangoja."

"Unangoja nini?"

"Niitikiwe."

"Ukimrukia kabla hajaitikia?"

"Mimi ni mshamba!"

"Na kabla ya kuuma?"

"Plizi!"

Fisi akaenda kuwinda na elimu yake. Akamwona Swala amesinzia. Zamani angenyata, nya, nya, nya. Leo akasimama wima: "Gudi mooooning!" Swala huyo, vumbi tu. Akamwona Kanga: "Gudi mooooning!" Kanga huyo, prrrr! Akamwona Ngiri: "Gudi mooooning!" Ngiri akaingia shimoni kinyumenyume, akabakiza meno nje. "Plizi," akasema Fisi. Ngiri hakuitikia.

Fisi akarudi. "Mwalimu, mbona wanakimbia?"

Hapo ndipo Bi Digidigi alipotambua amefundisha nini. Hofu haikumtoka, ila ilipata mwenzake, matumaini.

"Wanaona aibu," akasema. "Hawajui kuitikia. Umewazidi."

Fisi akatabasamu hadi magego. Na Nyani, wale wachokozi wa mtini, wakaanza kumwita Profesa. "Profesa, shikamoo! Profesa, tuambie kitu!" Naye huwaambia. Sifa hazijazi tumbo, lakini zinamfanya mtu asahau kuwa lipo.

Siku zikapita. Mize akaanza kukaza miguu. Fisi akakonda, mbavu zikahesabika. Mwishowe akasema, "Nimefuzu. Nakwenda kambini."

Bi Digidigi akamtazama akivuka korongo. Alijua yatakayompata huko, na alijua atakaporudi atarudi kwa nani.

Fisi akafika mbele ya jiko la kambi. "Gudi mooooning! Plizi!" Mpishi akapiga yowe, akarusha sufuria, kwaaa! Mbwa mnene akamshika sikio. Hakuna aliyesema faini, hakuna aliyesema tenkyu.

Fisi akarudi jua likizama, sikio limechanika, macho mekundu. Hakusalimu. Alikuja kwa kunyata, nya, nya, nya, kama zamani. Nyani wakamfuata matawini, wapate cha kusimulia. Bi Digidigi alipogeuka humo kichakani, mdomo wa Fisi ulikuwa umeshajaa mlangoni, na Mize yuko katikati yao.

Mama akataka kulia, akataka kuomba. Kikamtoka alichokizoea:

"Gudi moning, Bwana Fisi!"

Na ilikuwa jioni.

Nyani wakanyamaza wamsikilize Profesa wao. Fisi akabaki na mguu mmoja hewani. Asalimiwe asiitikie? Mbele za watu?

"Faini, tenkyu," akasema akiuma meno. "Endi yuu?"

Ameuliza, na aliyeuliza hungoja. Bi Digidigi akafunga mdomo. Akamsukuma Mize kwa pua, taratibu, wakapenya miiba ya nyuma.

"Endi yuu?" akarudia Fisi, kwa sauti zaidi. Nyani wanamtazama. Msomi hawezi kurukia watu kabla ya kujibiwa. Akangoja. Akangoja. Mama na mwana walikuwa wameshavuka vilima.

Mkisikia mwituni sauti inayopanda, uuuu-wiii?, halafu kimya, huyo ni Fisi, bado anauliza. Na mahali fulani yuko mama mmoja aliyelelewa vizuri, anamsikia, na anajiuma ulimi asije akamwitikia.

Ngano nimeitua hapo, mwenye kichwa aibebe. Funzo lake, wanangu: someni Kiingereza kwa bidii, msomi hafi njaa.

Nani huyo anacheka huko nyuma? Hebu njoo mbele. Na ukija, usalimu kwanza.