Mahindi Meusi ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati Tembo bado anavaa kaptula na Kanga anajifunga mtandio, wanyama waliishi kijijini kama sisi. Walilima, walipika, walisengenyana, na chumvi ikiisha waliombana.

Huko aliishi Bi Pimbi, mjane mwenye watoto wadogo. Mfupi huyo, hana hata mkia wa kufukuzia nzi! Lakini akili anayo, kwa hiyo msimcheke.

Kila asubuhi kijiji kizima kilikuwa kikitwanga. Twa! Twa! Twa! Mabega yanauma, viganja vina malengelenge. Siku moja Tembo akaleta mashine ya kusaga. Tuku-tuku-tuku-tuku! Ukimimina debe la mahindi juu, kabla hujamaliza kusalimiana na jirani, unga huo unatoka chini, laini na mweupe pepepe.

"Hii ndiyo kazi ya kisasa!" Tembo akasema kwa sauti yake nzito. "Vinu vya nini tena? Vileteni hapa tuvichome, mashine ipate kuni!"

Pimbi naye alipeleka kinu chake, tena kwa vigelegele. Nani asingefurahi? Mashine ilikuwa nzuri, na mimi sitawadanganya kwamba ilikuwa mbaya.

Ubaya ulikuja baadaye. Vinu vilipokwisha kuwa majivu, Tembo akatangaza kwamba kila anayesaga atamwachia nusu ya unga. Wanyama wakaguna, lakini wakaachia, maana wangetwangia nini? Halafu, mavuno yalipoingia ndani, Kifaru, msimamizi wa mashine, akapita nyumba kwa nyumba akigonga debe. Ga! Ga! Ga!

"Sikilizeni! Mbegu zote ziende kwenye ghala jipya la bati la Mzee Tembo! Mvua zikianza atawagawia. Na kila atakayegawiwa atamtolea mzee nusu ya mavuno!"

Kanga, jirani yake Pimbi, alikuja mbio huku mtandio unaburuzika.

"Shoga yangu, umesikia? Nusu ya unga, nusu ya mavuno! Sasa sisi tutabaki na nini?"

"Na njaa," Pimbi akasema. "Hiyo hataitaka nusu."

Akainua macho juu ya mafiga. Pale darini, ndani ya moshi, yalining'inia mahindi yake ya mbegu, yamefungwa mafungu mafungu kwa maganda yake, meusi tii kwa masizi. Wengi pale kijijini walitunza mbegu hivyo, kwa sababu fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, hawapendi moshi. Mbegu ile Pimbi aliachiwa na mama yake, na mama aliachiwa na bibi. Moyo ulimuuma sana. Aliona wazi kwamba ikichukuliwa, wanawe watamlimia Tembo mpaka wazeeke.

Akachochea moto. Mara akacheka peke yake.

"Kanga, hebu niambie. Tembo umewahi kumwona jikoni kwa mtu?"

"Jikoni? Mlango gani utampitisha?"

"Na Kifaru?"

"Huyo naye, na pembe lile! Wote wawili huletewa chakula uani."

"Basi wanayajua mahindi yakiwa shambani na yakiwa sahanini. Hapo katikati hawajui kitu. Jikoni kwako kuna masizi?"

"Tele! Naona hata aibu."

"Usiyafagie."

Kesho yake Pimbi alifunga hindi lake jeusi kuliko yote kwenye jani la mgomba, akaenda kwa Tembo akilia kwi-kwi-kwi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mbegu iko wapi?"

"Ndiyo hii. Nimekuletea wa kwanza mimi, maana naogopa kukaa nayo. Tafadhali ichanganye haraka na yako ghalani."

Tembo akafungua jani, akanusa. Hachiii!

"Hii nini? Mbona nyeusi?"

"Hata mimi najiuliza, mzee. Nilivuna nyeupe kama pembe zako. Imekaa nyumbani kidogo tu, ikaanza hivi. Na ukiigusa..." Akamwonyesha viganja vyake.

Tembo akautazama mkonga wake. Mweusi! Akajifuta kwenye pembe. Pembe nazo zikawa nyeusi!

"Mama yangu! Inaambukiza!"

"Sijui, mzee, mimi wa jikoni tu. Lakini nionee huruma, ichukue. Ghala lako kubwa, itajichanganya tu na zile nyeupe, nani atajua..."

"Weee! Usisogee! Kifaru! Funga ghala!"

Kifaru aliufunga mlango kwa pupa, puu! Ukambana mkia. "Yalaaa!"

"Acha kelele! Nenda ukatangaze sasa hivi: mwenye mahindi meusi asithubutu kuyaleta hapa! Akae nayo mwenyewe, na balaa lake!"

Pimbi aliondoka akilia kwa uchungu, akalia mpaka alipopita kona. Hapo akajifuta machozi, akatimua mbio kwenda kwa Kanga, na Kanga, ambaye habari haimkai mdomoni, akamaliza kijiji.

Siku ile kila jiko lilifuka moshi. Hata mahindi yaliyokuwa bado meupe yalitundikwa juu ya mafiga. Kifaru alipokuja kukagua, kichwa hakikupita mlangoni popote. Alichungulia huku ameziba pua.

"Hapa meusi. Hapa meusi. Lo, hata hapa!"

Ghala likabaki na mahindi ya Tembo mwenyewe. Jua likalichoma bati, hewa haipiti, joto ndani kama la chungu kilichofunikwa. Fukusi wakala, wakazaa, wakala tena, mpaka mbegu yote ikawa vumbi.

Mvua zikanyesha. Mashamba ya wadogo yakawa kijani. Shamba la Tembo likabaki udongo mtupu, na mahindi ya kusaga yalipopungua kijijini, nusu yake ya unga nayo ikapungua. Siku moja akaja mwenyewe kwa Pimbi, akakaa chini nje ya mlango, amekonda mpaka kaptula inamvuka.

"Bi Pimbi. Ule ugonjwa... umepona?"

"Tumeupalilia ukastawi, mzee."

Tembo akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani akachungulia jikoni. Akaona moto. Akaona moshi unapanda, na mahindi juu yake.

"Kumbe ni moshi tu."

"Ni moshi tu."

Angeweza kukasirika, lakini njaa haikumpa nafasi. "Nisaidie mbegu," akasema polepole.

Pimbi angeweza kumdai nusu. Aliliwaza jambo hilo, tena akaliona tamu. Kisha akakumbuka mabega yake yalivyokuwa yakimuuma, na jinsi mashine ilivyoyapumzisha.

"Mbegu nitakupa. Mashine iendelee, na anayesaga atakuachia konzi ya unga kwa jasho lako. Lakini utatuchongea vinu, kila nyumba chake."

"Vinu vya nini, na mashine ipo?"

"Vya kukaa mlangoni tu, mzee. Siku ukisahau, uvione."

Tembo akachonga. Mashine bado inanguruma, na vinu bado viko milangoni.

Nanyi wanangu, kitu kipya kipokeeni kwa vigelegele, lakini kinu na mbegu msimkabidhi mtu mmoja.