Waliobisha Mlango wa Subilaga

Ndugu zangu, sogeeni kidogo, walio nyuma nao wapate pa kukaa, maana leo naingia humu na mgeni. Ni mwanamke. Nitamwita Subilaga. Msianze kutazamana kuulizana ni Subilaga yupi, hayupo kwenye benchi lolote hapa. Nimemtunga mwenyewe, lakini nadhani mtamfahamu.

Subilaga alikuwa mwandishi. Hakuandika vitabu. Aliandika blogu. Wazee wangu, mkisikia blogu, chukulieni ni gazeti la mtu mmoja linalokaa ndani ya simu. Yake aliiita Pazia la Sebuleni, na humo aliandika mambo ya filamu, tamthilia na muziki. Mwigizaji akilia vibaya, Subilaga anasema. Mwanamuziki akipanda jukwaani na suti ya kukodi, Subilaga anaiona. Na aliandika vizuri, jamani! Sentensi moja aliweza kuizungusha asubuhi nzima mpaka imkae. Sokoni watu walimnyooshea kidole: yule ndiye wa Pazia. Na yeye akisikia alinyoosha shingo, akatembea kama anayevuka jukwaa.

Aliamini kwamba kila aliyefungua ukurasa wake alikuwa amemtafuta yeye, Subilaga, kwa sababu ya kalamu yake. Nani asingeamini hivyo? Wewe ukipika wali, watu wakajaa uani, utasema wamefuata moshi wa jirani?

Siku moja mumewe, Baba Lugano, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta, alikaa naye sebuleni baada ya chakula cha mchana.

"Mama Lugano," akasema, "unajua kuna mahali unaweza kuona watu waliandika nini kwenye simu zao mpaka wakafika kwako?"

"Si waliandika Pazia la Sebuleni?"

"Hebu tuone."

Akamfungulia. Mnajua jinsi inavyokuwa: mtu anaandika kwenye simu jambo analolitafuta, mtandao unamletea milango mingi, naye anaingia mmojawapo. Basi yale maneno waliyoandika watu yalikuwa pale, yamepangwa. Subilaga akainama asome.

Mtu mmoja aliandika: "mbuzi amekula cheti cha ndoa nifanyeje." Aliletwa kwenye makala ya Subilaga kuhusu komedi moja ya mbuzi. Mwingine: "namna ya kuzimia kwa heshima ukweni." Huyo aliangukia makala ya waigizaji wanaozimia ovyo. Mwingine: "pazia zisizoonyesha ndani bei poa," na huyo kosa lake mnaliona. Mwingine: "kwa nini mchumba wangu anaongea kama yuko kwenye tamthilia." Na mwingine, maskini: "pete ya ndoa imegoma kutoka kidole kimevimba," akapelekwa kusoma habari za filamu ya mapenzi.

Wakacheka. Mwanamume alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akajifuta macho, akasema bila ubaya wowote:

"Lakini mke wangu, hawa wote hawakuja kwako. Wamepotea njia."

Subilaga akaacha kucheka. Neno lile lilimwingia pabaya. Wamepotea njia! Kalamu yote ile, asubuhi zote zile, na nusu ya wageni wake walikuwa watu wanaotafuta pazia?

Mtu mwenye fahari akiguswa pale panapouma, atafanya nini? Atatafuta namna ya kuwa juu tena. Subilaga akaipata. Akaanzisha safu mpya kila Ijumaa, akaiita Waliopotea Njia. Aliyachukua maneno ya wale watu, akayaweka hadharani, na chini ya kila moja akaandika kejeli yake. Kwa yule wa mbuzi aliandika: "Mshukuru mbuzi, amekupa talaka bila mahakama." Kwa yule wa kuzimia: "Tafuta kwanza upande wenye zulia."

Mnacheka. Hata wasomaji walicheka. Walitumiana. Ofisini, saluni, kwenye makundi ya simu ya kwaya, kila Ijumaa watu waliuliza, Subilaga ametoa? Jina likakua kuliko lilivyowahi kukua. Shingo ikanyooka tena.

Basi Ijumaa moja, katikati ya maneno ya kuchekesha, likaja hili: "mama amesahau jina langu anakumbuka nyimbo tu." Aliyeliandika alikuwa ameletwa kwenye makala ya nyimbo za dansi za zamani. Subilaga hakulitafakari. Aliliona linafaa, akaliweka, akaandika chini yake: "Namwelewa huyo mama. Hata mimi mtoto wangu akiniomba vocha kila siku nitamsahau jina nibaki na muziki."

Watu wakacheka.

Ijumaa ileile jioni, chini ya safu, katikati ya vicheko vya wasomaji, mtu akaandika:

"Ni mimi niliyeandika maneno hayo. Sikuwa nakutafuta wewe dada, nilikuwa natafuta msaada. Mama yangu yuko hivyo kweli. Leo wifi zangu wamenisomea ukurasa wako wakicheka, hawajui kwamba ni mimi, na mimi nikacheka nao."

Ndugu zangu, nawauliza. Ungefanya nini?

Subilaga alianza kujitetea. Aliandika kwamba hakutaja jina la mtu, kwamba ni utani tu, kwamba yeye naye ana mama. Akausoma utetezi wake, na kwa kuwa alikuwa mwandishi wa kweli, aliona kila sentensi ilivyokuwa inajikunja kukwepa. Akaufuta wote. Akaiondoa safu nzima. Mumewe akamwona amekaa mbele ya kompyuta mikono imelala mapajani.

"Nini?"

"Nimemcheka mtu aliyekuwa anapiga hodi," akasema Subilaga.

Kisha akamwandikia yule binti, kifupi: "Nisamehe dada yangu. Nilikosa. Ni nyimbo gani anazikumbuka mama?"

Jibu halikuja haraka. Lilipokuja, lilisema hivi: "Ni wimbo mmoja hasa. Unaanza na kengele ya baiskeli, wanaimba habari ya bwana harusi aliyechelewa. Mama anaimba mstari wa kwanza, halafu anakwama. Anarudia, anakwama. Mwisho analia. Ndicho nilichokuwa natafuta. Mstari wa pili."

Mstari wa pili! Mtu anatafuta dunia nzima mstari mmoja wa wimbo ili mama yake asilie.

Sasa muone jinsi Mungu anavyopanga mambo. Katika wanawake wote wa mji ule, nani alikuwa anajua muziki? Nani alikuwa na namba za simu za wapiga magitaa waliokwisha kuzeeka? Yule binti alikosea mlango kweli, lakini alikuwa amepotelea kwa mtu mwenyewe.

Subilaga alivaa kazi ile kama anayekwenda vitani. Mwanzoni hakuujua wimbo, na jambo hilo lilimkera, maana alijiona hakuna asilolijua. Akampigia mtangazaji mstaafu. Hakuujua. Akampigia mwimbaji wa bendi iliyokufa siku nyingi. Alikumbuka kengele, hakukumbuka maneno. Akaandika kwenye Pazia kwa unyofu kabisa: mimi Subilaga nilimcheka mtu, sasa nawaomba mnisaidie kumtendea haki. Na wasomaji walewale waliokuwa wanacheka wakaanza kuulizana, wakaamsha baba zao na shangazi zao. Mpaka akapatikana mzee mmoja kule Makambako, aliyewahi kupiga ngoma kwenye bendi iliyotoa wimbo ule.

Subilaga akampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wasema unautaka ule wa kengele? Wote?"

"Wote baba, kama unao."

"Ninao. Subiri nimeze chai."

Na mzee yule akauimba kwenye simu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akipiga ngoma kwa vidole kwenye meza, na pale penye kengele alifanya "kling, kling" kwa mdomo. Subilaga alirekodi, akaandika maneno, akamtumia yule binti vyote viwili. Akasubiri.

Binti akajibu: "Mama hajanikumbuka. Nisikudanganye. Lakini nilimwimbia mstari wa pili, akanitazama, akaimba wa tatu. Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono, akaniuliza: 'Wewe mgeni, nyimbo zangu umezijulia wapi? Kaa, usiondoke.' Dada, siku zote alikuwa ananifukuza."

Subilaga alimsomea mumewe ujumbe ule, akashindwa kuumaliza. Mumewe akaumalizia.

Tangu hapo blogu ikabadilika. Filamu na muziki viliendelea, na ulimi wake kwa waigizaji wabovu haukulainika hata kidogo. Lakini chini ya makala ya filamu ya mapenzi aliandika kijisehemu: kama umeletwa hapa kwa sababu ya pete iliyogoma kutoka, jaribu maji baridi na sabuni, na kidole kikianza kubadilika rangi acha kujaribu, kimbia hospitali. Chini ya ile ya mbuzi, alieleza cheti kilichoharibika kinaombwa wapi upya. Aliulizia mwenyewe kwanza, hakubuni. Chini ya jina lenyewe la blogu aliweka simu ya mama mmoja mshona pazia. Na kwa yule wa kuzimia ukweni? Alimwandikia: "Dada au kaka, kama mambo yamefika huko, kaa chini kwanza. Kisha nieleze, tuzungumze." Na watu walieleza.

Baadhi ya waliozoea kejeli waliondoka. Baba Lugano akamwonyesha kwamba wasomaji wamepungua. Subilaga akasema, "Waache waende salama," akaendelea kuandika.

Baadaye redio moja ikamwalika. Mtangazaji alikuwa amejiandaa kumtania.

"Dada Subilaga, tunasikia wasomaji wako wengi wamefika kwako kwa bahati mbaya. Huoni aibu kidogo?"

Studio ikacheka. Subilaga akanyoosha shingo. Ilikuwa shingo ileile, lakini safari hii ilikuwa imebeba kitu.

"Aibu ya nini, kaka? Anayenitafuta mimi ana mengi ya kusoma hata nisipokuwepo. Huyu mwingine amekwama, amebisha mlango ambao si wake, na mwenye nyumba amefungua. Mimi, hao ndio wasomaji ninaojivunia."

Na kule kwenye karakana ya kompyuta, mwanamume mmoja alikuwa amepandisha sauti ya redio mpaka mwisho, anawaambia wenzake na wateja, hata waliokuwa hawajauliza: "Huyo ni mke wangu! Mnamsikia? Mke wangu huyo!"

Sasa mgeni wangu ameketi. Tubaki sisi.

Niwaulize, na mtu asijifiche nyuma ya kofia ya mwenzake: nani humu aliingia mara ya kwanza akiwa na swali sahihi? Nawajua. Nimewabatiza. Yupo aliyekuja kwa sababu kwetu umeme haukatiki, akataka kuchaji simu. Yupo aliyemfuata msichana wa kwaya, na mpaka leo wameketi pamoja pale, wanainama sasa hivi. Yupo aliyekimbia mvua. Yupo aliyekosea msiba: alikuwa anakwenda kuzika kwa jirani, akaja akatulilia wa kwetu, na tulipomwambia alisema, "Basi nimeshaanza, niacheni nimalize." Leo ni mzee wa kanisa! Watu wakiniuliza, mchungaji, una kanisa la aina gani, nanyoosha shingo, nasema: nina kanisa la watu waliokosea mlango, na Mungu akafungua. Najivunia ninyi. Nasema hadharani.

Lakini sikilizeni. Tulipokuwa tunasali chini ya mabati yanayovuja, hatukumwuliza mtu amefuata nini. Sasa tuna vigae, tuna spika, tuna maua ya kupanga. Na Jumapili iliyopita, wakati wa sadaka, aliingia mama mmoja na ndoo ya mahindi kichwani, akauliza kwa sauti, "Samahani, mashine ya kusaga iko wapi?" Kanisa likacheka, kuanzia madhabahuni mpaka mlangoni. Wakamwelekeza kwa kidole. Akatoka.

Mashine ile haikuwa inasaga Jumapili. Kila mtu humu alijua. Hakuna aliyesimama kumwambia.

Simwombei yule mama leo. Yeye hajapotea, yuko nyumbani kwake na mahindi yake. Nawaombea ninyi. Mama mlinzi wa mlango, kabla hatujaimba, nenda ukaufungue huo mlango wote, na ukisimama hapo, akipita mtu anayeuliza chochote, hata njia ya sokoni, usimnyooshee kidole. Mshike mkono, umsindikize. Sisi tutakusubiri.