Vidole Nyuma ya Kioo

Kioo cheusi hakichagui wa kumficha. Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa mmeniuliza huku mnacheka, nitawasimulia. Ila sidhani kama mtaondoka mkicheka.

Pale Korogwe, karibu na stendi, alikuwapo fundi wa kubandika tinti kwenye vioo vya magari, jina lake Hiza Semhando. Kazi alifunzwa na Mzee Kilua, mtu mkali, ambaye hakuwa na mashine ya kupima mwanga. Kipimo chake kilikuwa vidole. Kabla gari halijaondoka, alimkalisha mtu ndani, akafunga milango, kisha yeye akasimama nje. Aliye ndani aliinua vidole. Mzee Kilua akishindwa kuvihesabu, tinti ilibanduliwa hapo hapo, mwenye gari apende asipende.

"Sheria inataka aliye nje amwone aliye ndani," alikuwa akisema. "Mengine ni porojo."

Hiza aliishika desturi hiyo kwa miaka tisa, mpaka alipokuja dada yake.

Mwanamvua ndiye aliyemlea Hiza baada ya mama yao kufariki. Aliuza vitenge, akizunguka na gari lake dogo kwenye magulio. Alikuwa na kisukari, na kabla ya kula ilimbidi ajidunge sindano. Mtu anayeshinda barabarani atajidungia wapi? Alijidungia garini. Wapiga debe wakamwona, nao, midomo haina kufuli, wakavumisha kwamba mama wa vitenge anatumia madawa ya kulevya. Wateja wakaanza kumkwepa.

"Hiza, mdogo wangu, niwekee nyeusi tii. Wasinione."

"Dada, sheria hairuhusi. Trafiki watakusumbua."

"Heri trafiki. Jana mtoto wa kumzaa mimi mwenyewe kaniita teja, mbele ya watu. Nilinyamaza, nikaondoka. Unataka ninyamaze mpaka lini?"

Kumkatalia mtu aliyekubeba mgongoni si jambo jepesi. "Haya," Hiza akasema mwisho. "Sheria yenyewe ni ya kuwakamata majambazi wanaojificha. Wewe si jambazi." Akambandikia nyeusi kuliko zote alizokuwa nazo. Siku hiyo hakuna aliyekalishwa ndani, wala vidole havikuhesabiwa. Moyoni alijua anafanya kosa, akajipa moyo kwamba ni kosa dogo.

Kila Alhamisi ndugu hao walikula pamoja mchana. Mwanamvua aliegesha mbele ya karakana, akajidunga, na Hiza akamletea wali kutoka kwa mama lishe. Alhamisi moja mteja kutoka Mombo alimganda Hiza, akitaka gari lake liishe upesi. Hiza akachelewa karibu saa nzima. Alipotoka aliliona gari la dada yake.

"Dada!" aliita.

Akalisogelea, akachungulia kiooni. Aliuona uso wake mwenyewe, na kofia iliyokaa upande. Akaiweka sawa. Atakuwa amekwenda sokoni, akawaza. Nikinunua wali sasa utapoa. Akarudi kazini, akamalizia soda yake.

Mwanamvua alikuwa ndani, na alikuwa hai.

Sindano ilikuwa imeshusha sukari, na chakula hakikuja. Jasho lilimtoka, viungo vikalegea, akili ikampotea hata mlango hakujua unafunguliwaje. Watu walipita pale, na ilikuwa siku ya gulio, watu tele. Mmoja alisimama mbele ya kioo kile kile, akajichokonoa meno, akajitazama vizuri, akaenda zake.

Alasiri Hiza aliingiwa na wasiwasi, akampigia simu dada yake. Simu ikasikika ikiita ndani ya gari.

Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Alivunja kioo cha nyuma kwa nyundo, akaingia mzima mzima, vipande vikamchana mikono. Walimkimbiza hospitali, lakini walikuwa wamechelewa. "Huenda hata soda moja ingemwokoa," muuguzi alisema, bila kujua anamwambia nani.

Baada ya mazishi Hiza alilirudia gari. Akaketi kiti cha dereva, akafunga mlango. Kwenye kioo, upande wa ndani, jasho lilikuwa limeacha alama ya kiganja, chini kidogo ya pale alipokuwa ameitazama kofia yake. Alivihesabu vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vitano. Akalia kwa sauti, na waliokuwa nje hawakumwona.

Tangu hapo, mteja akimwambia, "Fundi, weka nyeusi, sheria hiyo ni ya wezi," Hiza alimkalisha ndani, akafunga milango, akasimama nje. "Inua vidole," alisema. "Nami nilidhani ni ya wezi. Kioo cheusi hakichagui wa kumficha." Wateja wakaibeba kauli hiyo, ikafika Mombo, ikafika Muheza, leo imewafikia ninyi mkaiona ya kuchekesha.

Mtaniuliza nimeyajuaje ya yule aliyejichokonoa meno. Ni mimi. Nilikuwa nimetoka kula pilau, na kati yangu na Mwanamvua palikuwa na unene wa kioo tu. Kioo cheusi, wajukuu zangu, hakichagui wa kumficha.