Mchi wa Nakiete

Sogeeni, wajukuu, kisa kinataka masikio. Zamani, zamani hizo milima ya Upare ilikuwa bado changa na mito haijapewa majina, aliishi Nakiete, mwenye mkono wa kushoto uliopooza.

Alipoolewa, kijiji kizima kiliutazama mkono ule. Desturi ilikuwa hii: bibi harusi hutwanga mtama siku saba, na mavyaa wake, yule mama wa mume, hukaa ndani akisikiliza mchi. Mchi ukilegea, binti anarudishwa kwao. Ndiyo, anarudishwa. Wewe unayecheka hapo nyuma, usicheke.

Siku ya kwanza Nakiete alitwanga mpaka bega likawaka moto, na mtama ulibaki mzima. Mavyaa wake, Mama Senzota, akasema atangoja hadi siku ya saba, basi. Nakiete alimpenda mumewe. Alishuka mtoni, nyuma ya nyumba, akilia. Hapo akaiona kata yake ya kuchotea, imelala juu ya jiwe chini ya maporomoko. Ilijaa, ikainama, ikamwaga, ikainuka. Ikajaa, ikainama, ikamwaga, ikainuka. Machozi yakamkauka.

Siku tano akachonga gogo, amelibana kwa magoti. Upande mmoja alichimba shimo la maji, upande wa pili akafunga mchi, kisha akalitega chini ya maporomoko. Watu wakasema huzuni imempanda kichwani.

Siku ya saba, jua linachomoza, Mama Senzota akasikia: du. Kimya. Du. Kimya. Mchi haukulegea hata mara moja. Akaridhika. Mara Nakiete akaingia na bakuli la uji, na kule nje, wajukuu zangu, du.

"Nani anatwanga?"

"Mto, mama."

Kijiji kikamiminika mtoni. Gogo likajaa, likainama, likamwaga, du! Wazee wakashika vinywa. Mmoja akataka livunjwe, eti kitu kisichotoka jasho kitawaharibia wake zao. Wote wakamtazama Mama Senzota, maana neno lilikuwa lake.

Mama yule akapiga magoti kwenye kinu, akachota unga, akautazama. Kisha akafungua viganja vyake, vimejaa sugu.

"Miaka arobaini nimetwanga," akasema. "Mwanangu, ulikuwa wapi?"

Akalia mbele za watu, na Nakiete hakurudishwa.

Akajenga mchi wa pili, wa tatu, hata kila mto ukawa na wake. Watu walivuka milima na vikapu vya mtama, na kila kikapu kilimwachia konzi moja ya unga. Kwa unga huo alipata mbuzi, kwa mbuzi akaajiri wachongaji, na aliwachagua wale walioambiwa hawafai.

Kwa hiyo mkimwona mtu ameshindwa kazi, kabla hamjamcheka, muulizeni anaona nini. Nilipoolewa mimi, mavyaa wangu hakunipa mchi. Alinikalisha, akaniuliza, "Binti, umetuletea wazo gani?"

Nimemaliza kutwanga. Pumba zangu, unga wenu.